Bohoniki, Kijiji Kilichotolewa Kuwa Mshahara

Sisi tuliokulia Arusha tunayajua makaburi ya Wapoland pale Tengeru. Hata yule ambaye hajawahi kuingia amekwisha kusikia kwamba kuna mahali, si mbali na ziwa Duluti, ambako Wazungu wamelala kwa mistari, kila mmoja na jiwe lake. Mimi nilipelekwa na mjomba nikiwa darasa la tano. Nilipita jiwe kwa jiwe nikijaribu kusoma majina, na karibu yote yalinishinda. Yale yaliyoishia na -ski niliyaweza. Yale yaliyoishia na -wicz niliyasoma "wikizi", mjomba akacheka mpaka akakohoa.

"Mjomba, hawa walikuja kufanya nini huku?"

"Vita iliwaleta, mjomba. Hawa hawakuja kutawala. Walikuja kuomba pa kulala."

Jibu lile nilikaa nalo miaka mingi. Baadaye shuleni na vitabuni nikajua zaidi. Mwezi Septemba 1939 Wajerumani waliivamia Poland kutoka magharibi, na tarehe 17 ya mwezi huohuo majeshi ya Kisovyeti yakaingia kutoka mashariki. Mwaka 1940 na 1941 Wasovyeti waliwapakia mamia kwa maelfu ya raia wa mashariki ya Poland kwenye mabehewa na kuwatupa Siberia na Kazakhstan. Mwaka 1942 baadhi yao walipata njia ya kutoka kupitia Iran, na kutoka huko meli zikawaleta Afrika Mashariki. Tengeru peke yake iliwapokea wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto. Kambi ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Wengi wakaenda zao Uingereza, Kanada na Australia. Waliobaki ni wale wa chini ya mawe, kama 150 hivi.

Basi bahati ikanipeleka kusoma mwaka mmoja katika mji wa Białystok, kaskazini mashariki ya Poland, yaani upande uleule ambao watu wengi wa Tengeru waling'olewa. Nikajiambia: huu ndio wakati wa kwenda kutazama vijiji vyao. Jumamosi moja ya Oktoba nikapanda treni kwenda Sokółka, kisha teksi, kilometa chache kuelekea mashariki, mpaka kijiji kiitwacho Bohoniki. Msomaji, nilikwenda kutafuta kijiji cha Wapoland, nikakikuta. Ila katikati ya kijiji hicho cha Wapoland kulikuwa na msikiti.

Kijiji chenyewe

Usitegemee makubwa. Bohoniki ni barabara moja, nyumba za mbao na za matofali pande zote mbili, mashamba nyuma ya nyumba, na msitu wa misonobari nyuma ya mashamba. Wakazi ni kama mia moja tu. Mpaka wa Belarus uko karibu. Ukipita kwa gari na kupiga chafya, kijiji kimekwisha.

Msikiti uko kando ya barabara, ndani ya uzio, chini ya miti. Wote ni wa mbao, rangi ya kahawia, na paa lake limekaa kama kofia. Juu ya paa kuna kibanda kidogo chenye kuba, na juu ya kuba kuna mwezi mwandamo. Ungeondoa ule mwezi, ungedhani ni kanisa dogo la kijijini au ghala la mkulima mwenye pesa kidogo. Hauna mnara wa kuadhinia kama wa kwetu. Mafundi walioujenga walikuwa maseremala wa hukohuko, wakajenga walivyozoea kujenga.

Mzee aliyekuwa na ufunguo alitoka nyumba ya jirani akifuta mikono kwenye suruali. Uso wake ulikuwa wa Kipoland kabisa, macho ya kijivu. Mimi, mtoto wa Ngarenaro niliyepitia chuoni kwa maalimu kabla sijaingia shule, nikamtolea salamu ya Kiislamu. Akasimama kidogo akaniangalia. Kisha akaitikia kwa matamshi ya kwao, herufi zikiwa laini kama zimepakwa siagi. Kipoland changu kilikuwa cha kuombea maji, na yeye Kiingereza hakuwa nacho kabisa, lakini kutoka hapo tulielewana kiaina.

Ndani tulivua viatu. Chumba kikubwa ni cha wanaume, kidogo cha wanawake, na kati yao kuna ukuta wenye nafasi iliyofunikwa pazia. Sakafuni mazulia, moja juu ya jingine. Kibla kipo, mimbari ipo, vyote vya mbao. Ukutani zimetundikwa aya zilizoandikwa kwa hati nzuri na kutiwa fremu, ambazo wenyewe huziita muhir. Harufu ilikuwa ya mbao kavu na sufu.

Msikiti huu ni wa karne ya kumi na tisa, baada ya uliotangulia kuungua. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Wajerumani waliufanya hospitali ya kutibia askari wao. Baada ya vita wanakijiji waliurudisha kidogo kidogo katika hali ya kusalia, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukafanyiwa matengenezo makubwa. Mwaka 2012 rais wa Poland aliutangaza, pamoja na makaburi yake na ndugu yake wa Kruszyniany, kuwa miongoni mwa kumbukumbu za kihistoria za taifa.

Huyo ndugu wa Kruszyniany uko kijiji kingine, kusini zaidi, nao unakaribia mpaka vilevile. Wenyewe umepakwa rangi ya kijani na una minara miwili mbele. Ni mkubwa kuliko wa Bohoniki, na wa zamani zaidi, wa karne ya kumi na nane. Kati ya misikiti ya mbao ya zamani ya Waislamu hawa, ni hii miwili tu iliyosalia ndani ya mipaka ya Poland ya leo.

Deni la mfalme

Sasa swali ni lilelile nililomwuliza mjomba. Hawa walikuja kufanya nini huku?

Hawa ni Watatari. Mababu zao walitoka kwenye nyika za mashariki, katika dola la Wamongolia lililoitwa Horde ya Dhahabu. Mwisho wa karne ya kumi na nne, Vytautas, mtawala mkuu wa Lithuania, aliwapokea baadhi yao kama wakimbizi na wengine kama mateka, akawapa ardhi. Masharti yalikuwa mepesi kueleza: ukiitwa vitani, uje na farasi wako na silaha yako. Dini yako ni yako. Baadaye Lithuania na Poland ziliungana, na mwaka 1569 zikawa dola moja chini ya mfalme mmoja. Watatari wakawa askari wa farasi wa dola hilo.

Tatizo likawa mshahara. Na hapa, washkaji, nadhani kila mtu aliyewahi kusubiri mwisho wa mwezi atanielewa. Hazina ya Poland ilikuwa tupu kwa vita visivyokwisha. Askari walikuwa wanadai miaka, na huku haki zao za dini zikianza kuminywa. Mwaka 1672, Waturuki walipoivamia Poland, vikosi kadhaa vya Watatari vilivyokuwa kusini viliasi na kuhamia upande wa Sultani. Watu waliotumikia kwa karne tatu waliondoka.

Wengi hawakukaa sana huko. Walikuta mambo si kama walivyotarajia, wakaanza kutaka kurudi nyumbani. Mfalme wakati huo alikuwa Jan III Sobieski, aliyechaguliwa mwaka 1674, naye alikuwa mwanajeshi aliyewajua Watatari kwa majina yao. Pesa za kuwalipa malimbikizo hakuwa nazo. Alichokuwa nacho ni mashamba ya kifalme. Basi mwaka 1679 akawagawia ardhi katika eneo hili badala ya mishahara waliyokuwa wakidai. Bohoniki ilikuwa sehemu ya malipo hayo. Kruszyniany pia.

Yaani kijiji kizima kilitolewa kuwa mshahara! Wenyeji walikuwepo kabla, wakulima Wakristo, nao wakajikuta asubuhi moja wana majirani wapya wenye farasi na misahafu. Hakuna aliyewauliza. Hili nalo tuliandike, maana zawadi ya mfalme mara nyingi huwa na mtu wa chini anayeibeba kichwani.

Miaka minne baadaye, 1683, Waturuki wakauzingira mji wa Vienna. Sobieski akaenda kuuokoa, na Watatari wake wakaenda naye. Tafakari jambo hilo. Upande wa Sultani kulikuwa na Waislamu, wakiwemo Watatari wengine. Upande wa mfalme Mkatoliki kulikuwa na Waislamu hawa wa Bohoniki na vijiji vyake. Inasimuliwa kwamba walichomeka majani makavu kwenye kofia zao ili wenzao wasiwakosee wakadhani ni maadui.

Kruszyniany wana hadithi yao wanayoipenda. Wanasema ofisa wa Kitatari, Samuel Murza Krzeczowski, aliokoa maisha ya mfalme katika mapigano ya Párkány, na ndiyo sababu akapewa kijiji. Hadithi tamu, nami niliiandika yote kwenye daftari. Usiku nikiwa chumbani nikaitazama tena. Mapigano ya Párkány yalikuwa Oktoba 1683. Ardhi ilitolewa 1679. Mfalme alimshukuru mtu kwa jambo ambalo bado halijatokea? Kumbe hadithi imefanya kazi yake ya kawaida: imeifuta aibu ya deni na kuweka ushujaa mahali pake. Nani anataka kuwaambia wajukuu kwamba tulipata shamba hili kwa sababu serikali ilishindwa kutulipa? Lakini mimi ukweli ule wa deni naupenda zaidi. Shujaa anaweza kusahauliwa. Mtu unayemdai na anayekudai huwezi kumwita mgeni.

Kitab

Kabla ya kurudi Białystok nilipita kwenye makumbusho ya Sokółka, ambako wana sehemu ya mambo ya Watatari. Ndani ya kabati la kioo kulikuwa na kitabu cha kale kimefunguliwa katikati. Wao wanakiita kitab. Msomaji, sihitaji kukutafsiria.

Nikainama nikaanza kusoma kama nilivyofundishwa na maalimu wangu, herufi kwa herufi. Nikasoma mstari wa kwanza. Sikuelewa kitu. Si ajabu, nikasema, Kiarabu changu ni cha kuswalia tu. Lakini halikuwa na sauti ya Kiarabu. Kulikuwa na herufi zilizoongezwa nukta ambazo chuoni kwetu hazikuwepo. Nikasoma tena, safari hii kwa sauti, neno moja fupi lililokuwa linarudiarudia: "Boh". Mama aliyekuwa analinda chumba akageuka. Akanisogelea akaniomba nisome tena. Nikasoma kwa kugongagonga maneno mengine mawili matatu, akaanza kucheka huku akitikisa kichwa. "Boh" ni Mungu, akaniambia, na hivyo ndivyo alivyokuwa anaongea bibi yake kijijini.

Ilikuwa Kibelarusi kwa herufi za Kiarabu. Mimi nilijua herufi lakini sikujua lugha. Yeye alijua lugha lakini herufi hakuzijua. Tulikuwa wasomaji wawili nusunusu, na tukiungana tunapata msomaji mmoja.

Historia yake ni hii. Watatari walikuja na lugha zao za Kituruki, lakini walitoka makabila mbalimbali, wengi wakaoa wanawake wa hukohuko, na ndani ya vizazi vichache lugha ya nyumbani ikawa Kibelarusi na Kipoland. Lugha ya mababu ilikufa. Wangeweza kupotea kabisa hapo. Walichofanya ni kuishika dini kwa lugha mpya na kuiandika lugha mpya kwa herufi za zamani. Pale ambapo Kiarabu kilikosa sauti, kama ile "p", au "ts" na "dz" ambazo Kipoland kinazipenda sana, walichukua herufi za Kiajemi au waliongeza nukta wakatengeneza zao. Wakaandika visa vya mitume, mafundisho ya sala na dua. Kuanzia karne ya kumi na sita na kumi na saba wakaandika pia tefsir, msahafu wenye maelezo kwa lugha ya watu chini ya kila mstari, na hizo zinahesabiwa kuwa miongoni mwa tafsiri za mwanzo kabisa za Kurani katika lugha za Kislavoni.

Sasa rudi nyumbani kidogo. Washairi wa Pate, Lamu na Mombasa walifanya nini? Walichukua herufi zilezile, wakazibana na kuzipanua mpaka zikabeba "p", "ch" na "ng'" za Kiswahili, wakaandika tenzi. Watu wawili wasiojuana, mmoja kwenye mikoko na mwingine kwenye theluji, walikutana na shida ileile na wakaitatua kwa njia ileile. Nilipokuwa nyuma ya kioo kile niliona aibu. Kuna hati za Kiswahili cha zamani hapa kwetu ambazo mimi, ninayejiita mwandishi chipukizi, sijawahi kujaribu kuzisoma. Nilisafiri mpaka Sokółka ndipo nikazikumbuka.

Nchi zinahama, kijiji kimekaa

Mzee wa ufunguo aliniuliza kwetu wapi, nikamwambia. Akaniuliza nchi yetu imebadilika mara ngapi. Nikamhesabia: Wajerumani, Waingereza, Tanganyika, Tanzania. Akanyanyua vidole vyake akaanza kuhesabu vya kwao. Mimi baadaye nilivihakiki.

Mwaka 1795 majirani wakubwa waligawana Poland mpaka ikafutika kwenye ramani. Bohoniki ikawa ya Prussia. Mwaka 1807 ikawa ya Urusi. Mwaka 1915 wakaja Wajerumani. Baada ya 1918 Poland ikafufuka. Mwaka 1939 Wasovyeti, mwaka 1941 Wajerumani tena, mwaka 1944 Wasovyeti tena, kisha Poland mpya. Mtu aliyezaliwa Bohoniki mwaka 1910 na kufa mwaka 1950 alibadilishiwa dola mara kadhaa bila kuhama kitanda chake.

Kati ya vita mbili walipata nafasi ya kupumua. Mwaka 1925 walianzisha Umoja wa Kidini wa Waislamu mjini Wilno, na mufti wao wa kwanza alikuwa msomi Jakub Szynkiewicz. Mwaka 1936 bunge lilitunga sheria ya uhusiano wa serikali na umoja huo, na mwaka huohuo jeshi likaunda kikosi maalumu cha farasi cha Watatari. Mwaka 1939 kikosi hicho kilipigana dhidi ya Wajerumani, na baada yake Poland haijawa tena na kikosi cha Kiislamu.

Vita vilipokwisha mpaka ukasogezwa magharibi, ukakata familia katikati. Wilno ikaangukia Lithuania ya Kisovyeti, Grodno Belarus ya Kisovyeti. Misikiti mingi ya Watatari ikabaki ng'ambo. Upande huu wakabaki na Bohoniki na Kruszyniany, na leo Watatari wote wa Poland ni elfu chache tu. Vijana wako Białystok, Gdańsk na Warszawa, wanarudi sikukuu. Tena wanarudi na njaa, maana mkabala na msikiti kuna nyumba ya wageni ambako wanapika pierekaczewnik: unga unaosukumwa mwembamba tabaka sita, unatiwa nyama, unazungushwa kama konokono na kuokwa. Nilikula vipande viwili, na cha tatu nilikula kwa heshima ya mpishi.

Unaweza kudhani kwamba watu wenye miaka zaidi ya mia tatu kijijini hawaulizwi tena kwao wapi. La. Mwezi Juni 2014 mtu alikwenda Kruszyniany usiku na kuchora nguruwe kwenye ukuta wa msikiti. Makaburi nayo hayakusalimika. Watu wa Sobieski, waliokwenda Vienna na majani kwenye kofia, wakaambiwa kwa rangi ya kupuliza kwamba si wa hapa.

Mizar

Makaburi ya Bohoniki yako nje ya kijiji, kwenye kilima ndani ya msitu. Wanayaita mizar, na mzizi wa neno hilo ni uleule wa "ziara". Ni moja ya maziara makubwa ya Kiislamu nchini Poland.

Ukiingia unapanda taratibu. Makaburi ya zamani yamezungushiwa mawe madogo, jiwe kubwa kichwani na dogo miguuni, yote yameota kuvu ya kijani. Maandishi yanakupa historia yote niliyokwisha kueleza bila mwalimu: Kiarabu, kisha Kirusi kwa wale waliokufa chini ya mfalme wa Urusi, kisha Kipoland. Na majina! Nilikuta -wicz zangu za Tengeru. Waislamu wa karne tatu, majina yao yamevaa koti la Kipoland: ukoo wa Achmatowicz, kwa mfano, ndani yake amekaa Ahmad.

Pembezoni, kwenye udongo mpya, kuna makaburi mengine. Haya hayana majina ya Kipoland.

Mwaka 2021 serikali ya Belarus iliruhusu maelfu ya watu kutoka Syria, Iraq, Yemen na kwingineko kuingia kwa ndege na kusukumwa mpaka kwenye mpaka wa Poland. Poland iliweka hali ya hatari Septemba 2, ikafunga ukanda wa mpakani, waandishi wa habari na watoa misaada wasiingie, na walinzi wakawa wanawarudisha watu msituni. Upande ule wanasukumwa mbele, upande huu wanarudishwa nyuma. Katikati kuna mabwawa, mito na baridi. Watu wakaanza kufa.

Nani atawazika? Kwao ni mbali na miili mingine haina hata karatasi. Watatari wa Bohoniki wakasema: wataletwa kwetu. Tarehe 15 Novemba 2021 walimzika kijana wa Kisyria wa miaka 19, aliyetolewa maji katika mto Bug. Imamu wa kijiji alimswalia, watu wachache wakasimama kwenye baridi, na ndugu zake walifuatilia mazishi kwa simu iliyoshikwa juu ya kaburi. Siku chache baadaye wakamzika mtu wa Yemen. Kisha mtoto ambaye hakuwahi kuzaliwa, aliyemtoka mama yake Mkurdi wa Iraq msituni. Kaburi fupi kama hatua moja. Wengine walifuata. Kuna vibao vilivyoandikwa NN tu, yaani jina halijulikani.

Nisikudanganye kwamba kijiji kile ni cha malaika. Wakati huohuo walipokusanya nguo na chakula kwa ajili ya wakimbizi, walipika pia supu kwa ajili ya askari waliokuwa wakilinda mpaka. Nilimwuliza mzee wa ufunguo jambo hilo, nikitafuta maneno kwa shida. Akaniambia askari ni watoto wa nchi hii na wanaona baridi. Na wale wa msituni ni watoto wa watu na wanaona baridi. Kisha akanyamaza. Nilikuwa nimetaka achague upande. Yeye alikuwa na sufuria.

Mwaka 2022 Poland ilimaliza kujenga ukuta wa chuma mpakani, kimo chake mita 5.5, urefu kilometa 186.

Kabla hatujashuka kilimani, mzee aliinama kwenye kibao kimoja cha NN, akaokota matawi makavu ya msonobari yaliyoangukia juu ya kaburi na kuyaweka kando. Alifanya vile kama mtu anayefagia mlangoni kwake.

Tengeru, tena

Nimerudi Arusha. Wiki iliyofuata nilikwenda Tengeru peke yangu, mjomba siku hizi magoti hayamruhusu. Mlinzi alinifungulia. Huyu naye anafagia majani juu ya watu ambao hawakuwa ndugu zake.

Siandiki haya ili kusema kwamba sisi ni wema. Wapoland wale hatukuulizwa kama tunawataka. Serikali ya Waingereza ndiyo iliyoamua, kama vile wakulima wa Bohoniki hawakuulizwa na Sobieski. Lakini makaburi yakishakuwepo, swali linakuwa letu. Ama unafagia ama hufagii. Ama unauliza jina ama unaliacha lifutike na mvua. Watatari wa Bohoniki walikuwa wageni, wakawa wadai, wakawa askari, wakawa wenyeji, na siku mgeni mwingine alipokufa mlangoni kwao walijua la kufanya, kwa sababu mizar nzima ni orodha ya wageni.

Kwa wenzangu mnaoshika kalamu: kila mmoja wetu anakaa karibu na kilima kama kile. Kuna mawe, kuna hati zilizokunjwa, kuna wazee wenye ufunguo. Nenda na daftari. Sikiliza hadithi ya shujaa mpaka mwisho, kisha usiku hesabu miaka.

Mimi pale Tengeru nilianza na mstari wa kwanza. Kipoland kimeniachia jambo moja la uhakika: "w" yao ni "v" yetu, na "cz" yao ni "ch" yetu. Nikasimama mbele ya jiwe lililonishinda nikiwa darasa la tano, nikalisoma jina lote kwa sauti, taratibu, likaishia na -vich. Nikaenda kwenye linalofuata.